Herufi Iliyomnyamazisha Mama



Nyumba yetu iko Bondeni. Najua msomaji wa pwani akilisoma jina hilo fikira zake zitamkimbilia Bondeni ya Mombasa, kwa hiyo nieleze mapema kwamba hii ni Bondeni ya Nakuru, ambako asubuhi za mwezi wa saba mtu huswali Alfajiri amejitanda shali mbili na bado meno yakagongana. Ni mtaa wa zamani. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na nyuma ya reli wakafuata watu wa kila asili, na miongoni mwao Waislamu: Waswahili wa pwani, Wanubi, Wasomali, Wahindi, na wenyeji wa bara waliosilimu. Marehemu baba alikuja baadaye sana, naye pia kwa kazi ya reli, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akamleta mkewe kutoka Lamu. Mama alishuka kwenye gari la moshi na sanduku la nguo, marufaa, na msahafu mmoja uliopigwa chapa Bombay, uliotiwa katika mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Sanduku liliharibika zamani. Marufaa na msahafu vingalipo.

Sisi watoto hatukuwa na saa ya kutuamsha. Tuliamshwa na sauti ya Mama akisoma baada ya Alfajiri: Yasin, kisha Ar-Rahman, kisha Al-Waqia, na siku akiwa na nafasi huongeza Tabaraka. Alikuwa akisoma bila ya kutazama. Msahafu ulifunguliwa mbele yake kwa heshima tu, maana kurasa hizo zilikuwa zimekwisha kuhamia kifuani mwake tangu utotoni. Alisomeshwa na mwalimu wa kike huko kwao, kwa ubao na wino wa masizi, mwalimu akitamka na watoto wakifuatisha, ubao ukijaa unaoshwa na somo jipya linaandikwa. Alihitimu kabla ya kuvunja ungo, na alipovunja ungo akawekwa ndani. Hicho ndicho kisomo chote alichokipata. Kuandika hajui mpaka leo.

Katika Shaabani iliyopita sauti hiyo ilinyamaza.

Hapa Bondeni tuna darsa ya kina mama kila Jumamosi baada ya Alasiri. Tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kiasi cha wanawake ishirini, na kila mmoja husoma kipande cha juzuu. Mwaka huo tulijaliwa kumpata ustadha kijana, umri wa binti yangu, aliyesoma tajwidi kwa miaka kadhaa na kuhifadhi. Jina lake silitaji. Ilipofika zamu ya Mama, akasoma mwisho wa Juzuu Amma, zile sura fupi ambazo hata mtoto wa miaka sita anazo. Ustadha akamsimamisha kwa upole. Akamwambia kwamba neno alilolitamka linaanza kwa qafu, na Mama ameliweka kafu. Kwa qafu maana yake ni "sema". Kwa kafu maana yake huwa "kula".

Ustadha hakukusudia mzaha. Ni kweli kabisa, na kila mwenye kusoma Kiarabu anaijua tofauti hiyo. Lakini zingatieni, dada zangu: katika Kiarabu neno la kuamrisha mtu ale ni "kul", na katika Kiswahili chetu ni "kula". Hata mwanamke asiyejua Kiarabu hata kidogo aliifahamu papo hapo. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha chumba kizima. Mama akatabasamu, akamaliza sura, akavaa buibui lake akaenda zake nyumbani kabla ya chai.

Asubuhi ya pili sikusikia kitu. Nilidhani ana mafua. Siku ya Alhamisi usiku, ambao katika nyumba yetu haujapata kupita bila ya Yasin, alikaa kitandani ameshika tasbihi. Mjukuu wake akamwekea katika simu kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule Mmisri ambaye mwaka 1961 sauti yake ilikuwa ya kwanza kurekodiwa ikisoma Qur'ani nzima. Mama akasikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, midomo ameifunga.

Nilipomwuliza hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, yule mtoto amesema kweli. Miaka sabini nasoma 'kula'." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Na katika Alhamdu mna qafu. Je, swala zangu?"

Nilikaa nikaipitia Fatiha moyoni, na kweli, katika aya ya sita, ile ya kuomba njia iliyonyooka, qafu imo. Mara kumi na saba kila siku kwa swala za faradhi pekee. Kwa miaka sabini. Sikuwa na la kumjibu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, na katika elimu yangu ndogo hili nalijua: kosa la Mama si lake peke yake, ni la lugha nzima iliyomlea. Tazameni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Kalamu, kaburi, kadhi, kisa, wakati, hakika: yote yalikuwa na qafu yalipotoka kwao, na sisi tukayapokea kwa kafu. Hata jina la Kitabu chenyewe, wengi wetu hutamka Kurani. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anapokaa mbele ya ubao, ulimi wake umekwisha kuzoea kuiweka kafu kila mahali palipokuwa na qafu. Wapo mafundi wa kisomo wa Lamu na Mombasa ambao hawakosei hata nukta, nao nawaheshimu. Ila mwalimu wa Mama, kwa jinsi ninavyosikia, alikuwa bibi wa mtaani tu, naye alisomeshwa na bibi mwingine, na kafu ikarithiwa pamoja na sura.

Na niseme kweli yote, hata ile isiyompendeza mzee wangu. Mama naye amewahi kuwa upande wa wanaocheka. Majirani zetu wa bara, waliosilimu ukubwani, wengi wao dhali huwa zei vinywani mwao, wakasema "zambi" mahali pa "dhambi". Mama, ambaye dhali yake ni safi kama maji ya kisima, alikuwa akiwarekebisha kila Ramadhani, na akirudi nyumbani hutuigizia nasi tukaangua vicheko. Nilipomkumbusha hilo, aliniambia, "Ndiyo. Nimekumbuka tangu Jumamosi."

Nikarudi kwenye vitabu, kwa kuwa mtu aliyefundisha maisha yake yote hajui pengine pa kukimbilia. Jambo la kwanza nililomletea ni Hadithi mashuhuri ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayoeleza kwamba mahiri wa Qur'ani yu pamoja na malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa tabu, ulimi ukimkwama, ana malipo mawili. Nilidhani nimeleta dawa. Mama akasikiliza, akasema, "Hiyo ni ya anayejifunza. Mimi nilidhani nimekwisha kujifunza."

Nikanyamaza siku mbili.

Kisha nikamsimulia habari ya Bibi Hafsa binti Umar (R.A.), maana naona sisi wanawake tunaipita haraka mno. Qur'ani ilianza kuteremka mwaka 610, na Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka 632 haikuwa imekusanywa katika kitabu kimoja. Ilikuwa katika vifua vya watu, na kwa maandishi ilikuwa imetawanyika katika makuti, mawe bapa, mifupa na ngozi. Vita vya Yamama vilipowaua wasomaji wengi, Sayyidna Umar akamwendea Sayyidna Abubakar (R.A.) kwa hofu, na kazi ya kuikusanya akapewa Zaid bin Thabit. Kurasa hizo zilipokamilika zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake Hafsa, mke wa Mtume, aliyefundishwa kuandika na Bibi Shifaa binti Abdullah. Zilikaa kwake nyumbani. Sayyidna Uthman alipotaka kutoa nakala za kupelekwa miji mikubwa, kiasi cha mwaka 650, ilimbidi atume mtu kwa Bibi Hafsa kuziomba, na akamwahidi kumrudishia. Akamrudishia. Misahafu iliyo mikononi mwetu leo, ule wa Bombay pamoja na huu wa Madina tunaoletewa na mahujaji, inarejea katika zile nakala, na nyuma ya zile nakala kuna kurasa zilizohifadhiwa na mwanamke chumbani mwake.

Mama alizijua habari za Hafsa, lakini hili la kurasa hakuwahi kuambiwa. Aliniuliza, "Alizitia katika nini?" Sikujua, nikacheka. Yeye akautazama mfuko wake wa kitambaa.

Nilimweleza pia kuhusu irabu. Maandishi ya misahafu ya kwanza hayakuwa na fataha wala kisira, na nyingi ya herufi hazikuwa na nukta za kuzitenganisha. Mwarabu aliyezaliwa na lugha hakuhitaji. Dini ilipoenea kwa Wafursi na wengineo, ndimi zikaanza kukosea, na makosa mengine yalipotosha maana kwa namna ya kutisha. Ndipo Abul-Aswad ad-Duali akaweka nukta za rangi kuonyesha irabu, na katika karne ya 8 Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa ukoo wa Azd wa Oman, akaweka alama tunazozijua leo. Hebu tulifikirie hilo sisi tusio Waarabu. Wale wakubwa walipoona watu wanakosea, hawakuwafukuza kwenye Kitabu. Waliongeza alama, wakaongeza walimu, wakaigawa elimu ya tajwidi katika milango, mpaka wakatenganisha kosa la wazi, lahni jalii, na kosa lililofichika, lahni khafii. Elimu ile ile iliyomwaibisha Mama ilianzishwa kwa ajili ya watu kama Mama.

Na kisa cha Sayyidna Umar na Hisham bin Hakim? Huwa kinatajwa sana katika mambo haya, na mimi nilikaribia kukitumia vibaya. Umar alimsikia Hisham akisoma Suratul-Furqan ndani ya swala kwa namna asiyoijua, akajizuia mpaka akamaliza, kisha akamkamata kwa nguo yake na kumburura mpaka mbele ya Mtume (S.A.W.). Kila mmoja akasomeshwa, na kila mmoja akaambiwa kwamba hivyo ndivyo ilivyoteremka, kwani Qur'ani imeteremshwa kwa herufi saba. Nilitaka kumwambia Mama kwamba kafu yake ni mojawapo ya hizo. Ulimi ukakataa. Zile ni namna za kusoma zilizotoka kwa Mtume mwenyewe. Kafu ya Mama imetoka kwa bibi wa Lamu. Kumfariji mzee kwa uongo juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni jambo zito kuliko huzuni yake. Ila katika kisa hicho kuna neno dogo lililonikaa. Kabla ya kumsomesha yeyote, amri ya kwanza ya Mtume ilikuwa ni kwa Umar, kwamba amwachilie.

Siku ya pili nikavaa nikaenda kwa ustadha. Nilikwenda na maneno makali niliyoyapanga njiani, na nashukuru kwamba sikuyatumia. Aliponisikia alishika kifua. "Sikujua kwamba ameacha," alisema. "Nilidhani amechoka ndiyo maana haji." Akanieleza kwamba yeye mwenyewe qafu ilimchukua miezi, na alikuwa akichapwa vidole kwa ajili yake. Nikamwuliza lile swali la swala. Akajibu kwa uangalifu wa mtu anayeiogopa elimu yake: aliyefanya uwezo wake kwa alivyofundishwa, na hakupata wa kumwonyesha, Mwenyezi Mungu hamtwiki asichokiweza. Na aliyeonyeshwa, ajitahidi kuanzia hapo. Hakuzidisha neno.

Jumatano baada ya Alasiri akaja kwetu na kisahani cha halua. Hakuanza na kuomba radhi. Alikaa kwenye mkeka miguuni pa Mama akamwambia ana sura anayotaka kusikilizwa, kwani atasomesha siku ya kufunga darsa na anaogopa kukosea. Akaanza Ar-Rahman.

Mwenye kuijua sura hiyo anajua mtego wake. Kuna aya moja inayorudi mara thelathini na moja, na mhifadhi akijisahau kidogo huruka daraja akajikuta mbali. Sijui kama yule mtoto alijisahau kweli au alijisahaulisha. Sijamwuliza na sitamwuliza. Ninachojua ni kwamba mahali fulani katikati aliruka, na kidole cha Mama kikainuka. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, sauti yake ikatoka, ikairudisha aya mahali pake na kuendelea na mbili za mbele yake.

Walisoma pamoja mpaka mwisho. Ndipo ustadha akasema, "Sasa, Bibi, na mimi nina deni lako la qafu." Akamwonyesha nyuma kabisa ya ulimi, inapokutana na sehemu ya juu karibu na kimio. Mama akajaribu akakohoa. Akajaribu tena, ikatoka sauti kama ya kunguru, na wote wawili wakacheka hata nikaja mlangoni kutazama. Mara ya saba au ya nane ikatoka yenyewe, nzito na ya mviringo. Mama akaishika koo kama mtu aliyegundua kitu alichokuwa nacho siku zote.

Kwa furaha hiyo akaanza kuitia qafu kila mahali. Hata katika ile aya inayorudi, ambayo haina qafu hata moja, ina kafu halisi, yeye akaitia qafu. "La, Bibi," ustadha akamwambia machozi ya kicheko yakimtoka, "hapa ulikuwa sahihi tangu zamani!"

Mama akatulia. Kisha akauliza, "Na hii inayorudi rudi, yasemaje?"

Nikaenda kabatini nikatoa Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile tafsiri iliyotimia mwaka 1969, yeye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baba aliinunua, akawa anaisoma peke yake usiku. Haikupata kumpitia yeyote kati yetu kwamba Mama, asiyejua kusoma herufi za Kiswahili, asomewe. Alikuwa na sura nzima kifuani, na maana zake zilikuwa kabatini hatua sita kutoka mahali anaposwalia, kwa zaidi ya miaka hamsini. Jambo hili bado linaniumiza, na nikitazama nyumba nyingine ninazozijua sioni kama tulikuwa peke yetu.

Nikamsomea. Ni swali: Mwenyezi Mungu, baada ya kutaja kila neema, anawauliza majini na watu ni ipi miongoni mwa neema za Mola wao wanayoikadhibisha. Jua na mwezi, matunda na nafaka, bahari mbili zinazokutana, na kila mara swali lile lile.

Mama alikaa kimya muda mrefu. "Mara thelathini na moja," alisema hatimaye, "kila asubuhi. Nimeulizwa tangu utoto wangu, wala sijajibu hata siku moja."

Ustadha akamweleza Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasomea Masahaba sura hiyo wakanyamaza, akawaambia kwamba majini walijibu vizuri kuliko wao, kwani kila alipoifikia aya hiyo walikiri kwamba hakuna neema yoyote ya Mola wao wanayoikadhibisha, na wakamshukuru. Akataka kumfundisha jibu hilo kwa Kiarabu. Mama akasema litakuja, kwa sasa atajibu kwa lugha anayoifahamu.

Siku hizi tunaamka tena kwa sauti yake. Qafu mara huja, mara haiji; isipokuja hurudi nyuma akaitafuta, na mjukuu wake chumba cha pili huitamka pamoja naye chini ya blanketi. Akifika Ar-Rahman husimama kila aya ile inapopita, akajibu kwa Kiswahili cha Lamu, polepole, mara thelathini na moja. Chai hupoa mezani, nasi tumejifunza kutoimimina mapema.